Nimewaonesha wanafunzi muvi wajifunze tamaduni za watu, wametoka na utani wa mifupa. Nimekosea wapi?

MwalimuChaki

Wakuu heshima kwenu. Mi ni mwalimu, nafundisha watoto wa miaka 13 mpaka 15, darasa lina vichwa 42. Muhula huu nina mada ya utofauti wa tamaduni, na vitabu vya mada hii mnavijua, kurasa nne, mavazi yao, vyakula vyao, ngoma zao, zoezi, basi. Ukifika kwenye "taja mavazi matatu" nusu ya darasa wameshalala macho wazi. Nikasema hapana, hawa watoto wanaishi kwenye muvi, ngoja niwafuate hukohuko.

Nikaazima projekta, nikaziba madirisha kwa mashuka, nikawawekea Coco, ile katuni ya 2017 ya mtoto wa Meksiko anayejikuta kwenye nchi ya wafu anatafuta ndugu zake wa zamani. Vipindi viwili mfululizo, mwanzo mpaka mwisho. Kimya. Kuna mtoto mmoja huwa hawezi kukaa kitini dakika tano, siku hiyo nilimuona anafuta macho na kola ya shati pale yule bibi kizee anapoimbiwa. Nikatoka kifua mbele, nikajua leo nimefundisha.

Kesho yake nikawaambia kila mmoja aandike mistari mitano, umejifunza nini. Daah. Nawanukuu kama walivyoandika: "Watu wa Meksiko wanapenda sana kufa." "Watu wa Meksiko wakifa wanapewa wanyama wa rangi rangi wa kuwaongoza." "Watu wa Meksiko wote wanapiga gitaa isipokuwa mafundi viatu." Nimehesabu, karatasi 31 kati ya 42 zimeanza na "Watu wa Meksiko wote" au "Watu wa Meksiko wanapenda". Na wiki nzima kuna vijana wanajipaka chaki usoni wawe mafuvu wanawakimbiza watoto wa madarasa ya chini.

Ila hilo sio lililonileta hapa. Kuna binti mmoja, familia yao imehamia ikitokea nchi nyingine, siitaji. Wenzake walipotoka akabaki anapanga madaftari taratibu kama mtu anayepoteza muda, afu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, ikifika zamu ya kwetu utawaonesha ipi?" Nikapitisha kichwani muvi zote ninazozijua za kwao. Zote vita. Bunduki, magari ya jeshi, mzungu mwandishi wa habari analia. Nikamwambia nitatafuta. Mpaka leo natafuta na sijapata.

Sasa naomba mnisaidie, niachane na muvi nirudi kwenye kitabu? Au tatizo ni muvi niliyochagua? Au ni mimi? Msinihurumie, semeni tu.

---

Mzee_wa_Reli

Mwalimu pole na hongera, hongera kwa sababu umesoma karatasi zote 42 na ukahesabu, wengi wangeandika "vizuri" kwa wino mwekundu maisha yaendelee.

Mi sio mwalimu, mi ni mgonjwa wa sinema tu miaka mingi, ila huyo mtoto aliyeandika habari za wanyama wa rangi rangi usimkate maksi, huyo kakushikia mlango. Wale wanyama wanaitwa alebrije. Sio mila ya wafu hata kidogo. Ni sanaa ya mikono iliyoanzishwa na fundi mmoja wa Mexico City aliyekuwa anaitwa Pedro Linares, miaka ya 1930, inasimuliwa aliumwa sana akawa anaota madude, punda mwenye mabawa, jogoo mwenye pembe, alipopona akaanza kuyatengeneza kwa makaratasi na gundi na rangi. Kwenye katuni wakayachukua wakayapa kazi ya kuongoza roho za watu. Ni ubunifu wa waandishi, na mzuri kwa kweli, lakini mtoto wako ameuchukua kama mila ya mababu.

Afu subiri nikupe inayonifurahisha kuliko zote. Yale maandamano makubwa ya Siku ya Wafu pale Mexico City, yenye mafuvu makubwa ya kutembezwa barabarani, watalii wanajazana kupiga picha, unajua yameanza lini? 2016. Na yameanza kwa sababu 2015 ilitoka muvi ya James Bond, Spectre, inafungua na maandamano hayo, dairekta kajitungia zake, mji haukuwa nayo. Watu wakaanza kuyaulizia, serikali ya mji ikaona basi tuyafanye kweli. Yaani muvi ya jasusi wa Kiingereza imezaa sherehe ya Meksiko. Na hapohapo sikukuu yenyewe ni ya zamani sana, ile ya nyumbani na makaburini, picha za marehemu mezani, maua ya njano, na UNESCO wameiweka kwenye orodha yao ya urithi 2008.

Kwa hiyo ningekuwa wewe ningerudi darasani na hizo karatasi 31, nisizifute. Ningewapa kazi ya upelelezi. Chukua vitu vitatu ulivyoviona, meza ya picha, wanyama wa rangi, maandamano ya barabarani, katafute kipi ni cha zamani, kipi ni cha juzi, kipi kimetungwa na watu wa studio. Wapelelezi wa miaka 14 ni hatari, watakuletea mpaka vitu ambavyo wewe mwenyewe hukuvijua. Na yule wa mafundi viatu mi namuomba hapa jukwaani, ana akili.

---

Kalamu_Kavu

Wote mnazunguka mbuyu. Muvi ni biashara. Anayeitengeneza hafikirii mtoto wako aelewe jamii ya watu, anafikiria tiketi. Unampa mfanyabiashara kipindi chako akufundishie halafu unashangaa mtoto katoka na bidhaa.

Mfano huohuo wa Coco ambao mnausifia, 2013 wakiwa bado wanaitengeneza, Disney walipeleka maombi ya kusajili jina la Siku ya Wafu kwa Kihispania liwe alama yao ya biashara. Jina la sikukuu ya watu! Wameksiko na Wamarekani wenye asili ya huko wakawaka, maombi yakaondolewa ndani ya siku chache. Na kabla ya hapo kuna Aladdin ya 1992, wimbo wa kufungulia ulikuwa unasema huko wanakotoka watu wanakatwa sikio kwa sababu sura yako haikuwapendeza. Jumuiya ya Waarabu wa Marekani ikalalamika, toleo la kanda la 1993 ule mstari ukabadilishwa. Lakini neno la "kishenzi" lililofuata likabaki palepale. Na kuna profesa mmoja, marehemu Jack Shaheen, alikaa akachambua filamu zaidi ya 900 za Hollywood zenye Waarabu, kitabu chake kilitoka 2001, Mwarabu wa kawaida, fundi, baba wa watoto, mwalimu wa hesabu, ni wa kutafuta kwa tochi. Humo ni gaidi, sultani, mcheza ngoma ya tumbo.

Mimi ningetumia filamu za uhalisia tu, zile za kurekodi maisha ya watu kama yalivyo. Basi.

---

mama_kipindi_cha_pili

Kalamu_Kavu kaka yangu, hizo za uhalisia nazo kuna mtu kashika kamera na kuna mtu kakata vipande. Na watoto wanaziamini mara tatu zaidi kwa sababu zina sauti ya mzee mmoja mpole anasimulia. Hapo ndo pabaya. Katuni angalau mtoto anajua ni katuni.

Mwalimu Chaki, nimefundisha kwa muvi mwaka wa tisa huu na makosa yako yote nimeyafanya, mengine kwa ustadi kuliko wewe. Kosa la kwanza, uliwaonesha muvi nzima. Muvi nzima inakumeza. Ukishamlilia bibi wa watu huwezi tena kuuliza maswali, moyo umeshajaa. Mi siku hizi sizidishi dakika 12. Kipande kimoja tunakiangalia mara tatu. Mara ya kwanza bila sauti kabisa. Wanaandika wanachokiona tu, sio wanachokidhani, na hapo ni ugomvi wa kila siku maana mtoto anaandika "mwanamke mkali" namwambia ukali umeuona wapi, nioneshe na kidole, anakuja mpaka kwenye ukuta anagusa nyusi. Sawa, andika nyusi. Mara ya pili na sauti. Mara ya tatu kila kundi lina kazi, hawa wanahesabu nani anaongea na nani hana hata sentensi moja, hawa wanaangalia nani ana jina na nani anaitwa "yule mlinzi", hawa wanasikiliza nani anaongea kwa lafudhi na nani hana, na kwa nini aliyevaa kama mfalme na aliyevaa kama mwizi wanatoka mtaa mmoja lakini hawana lafudhi moja.

Hiyo ya lafudhi itawamaliza. Mwaka jana mtoto mmoja alikuja asubuhi amevimba macho, kakaa usiku anaangalia katuni zake zote za utotoni upya, ananiambia "ticha, wabaya wote wanaongea kama wageni." Sikuwa nimemwambia atafute. Sikumuongezea neno, nilimpa kiti akae.

Kipande ninachokipenda kuliko vyote ni Black Panther ya 2018. Nawaambia Wakanda, ile nchi ya kubuni, kwenye hadithi wameiweka Afrika Mashariki, sasa chukueni ramani ya bara. Halafu naanza kupozi. Yale mablanketi ya wapiganaji wa mpakani, ni ya Wasotho, bandika Lesotho. Kofia pana ya malkia mama, isicholo, ya wanawake wa Kizulu wa ndoa, bandika. Wale walinzi wa kike waliovaa nyekundu, mbunifu wa mavazi Ruth Carter alichota kwa Wamaasai, bandika. Mzee mwenye kisahani mdomoni, bandika kusini mwa Ethiopia. Lugha wanayoongea wenyewe kwa wenyewe? Isixhosa, na hiyo ilianzia kwenye muvi ya 2016 ambapo aliyecheza baba mfalme ni John Kani wa Afrika Kusini, lugha yake ya nyumbani hiyo. Mpaka kipindi kinaisha karatasi ya ramani ina vijikaratasi kutoka pembe za bara, watu ambao hawajawahi kupigiana hodi wamekuwa kabila moja. Binti mmoja akasema "kwa hiyo Wakanda ni kabati la nguo."

Nikawauliza, ni kosa au ni sherehe? Darasa likagawanyika katikati. Kuna waliosema wametukusanya kama mitumba, kuna waliosema hapana, ni mara ya kwanza tunaonekana matajiri bila kuomba msamaha. Kengele ikalia wanabishana na mi sikuwaamulia, wakaondoka nayo mpaka nje. Afu kumbe Carter alichukua Oscar kwa hizo nguo, mwanamke mweusi wa kwanza kwenye kundi hilo la tuzo. Niliwaambia kesho yake, ubishi ukaanza upya.

---

steringi_hafi

Mi nachangia fupi tu, waambie watoto waangalie steringi ni nani. Muvi nyingi za "nchi za mbali" steringi ni mgeni aliyekuja kutembea, wenyeji ni mandhari kama miti. Mgeni anajifunza kitu, mwenyeji anakufa dakika ya 40 ili mgeni apate uchungu wa kwenda kulipiza. Ukishaliona hili huwezi kulikosa tena, limeniharibia muvi nyingi sana nilizokuwa nazipenda.

---

Kalamu_Kavu

@mama_kipindi_cha_pili dada nakubali la ramani, ni zuri. Lakini unahitaji mwalimu wa mwaka wa tisa kulifanya. Wengine tuna vipindi viwili na projekta inayozima ikipata moto.

---

mama_kipindi_cha_pili

Dakika 12 haiwahi kupata moto kaka. Ndo maana nyingine hiyo.

---

hamna_shida

Huwa nasoma tu humu siandiki, ila huu uzi umenigusa pabaya.

Mi nilikuwa huyo binti. Tulihamia ughaibuni nikiwa na miaka 11, baba kapata masomo. Darasa zima mi peke yangu natoka Afrika. Mwalimu wetu, mtu mwema kweli, sio kwamba alikuwa na roho mbaya, akaamua anikaribishe kwa kuonesha The Lion King. Ikafika pale nguruwe na mwenzake wanaimba ule wimbo wao, akapozi, akawasha taa, akaniambia simama utufundishe hayo maneno yanavyotamkwa vizuri. Nikasimama. Macho ishirini na kitu. Nikatamka. Wakapiga makofi. Kuanzia siku hiyo mpaka muhula unaisha jina langu likawa Hakuna Matata, kwenye foleni, kwenye basi, kwenye kadi ya birthday. Hakuna aliyeniuliza kwetu tunasemaje. Kwetu tulikuwa tunasema hamna shida.

Na nilichokuwa nakijua siku ile na sikuweza kusema kwa kile Kiingereza changu cha wiki tatu ni kwamba ile muvi ni kichekesho kwa mtu anayeijua lugha, ila sio pale walipokuwa wanacheka wao. Nguruwe anaitwa Pumbaa, kweli amepumbaa. Fisi anaitwa Shenzi, tusi kabisa hilo, wanalitamka kwa heshima zote. Mama yake simba ni Sarabi, mazigazi, jina zuri mpaka leo nalipenda. Yule nyani mzee anaimba "wewe nugu, mimi hapana" mi nacheka peke yangu watu wananishangaa. Afu ule wito wa kufungulia, jua linachomoza, kila mtu darasani alikuwa ananiangalia nitafsiri, na mi sikuelewa hata neno, maana ni Kizulu, ameimba Lebo M wa Afrika Kusini. Nikasema sijui. Mwalimu akanisikitikia kama mtoto aliyesahau lugha ya kwao.

Baadaye nimekua nikajua lile neno la wimbo Disney waliliombea alama ya biashara toka 1994, likasajiliwa 2003 la kuandika kwenye mafulana, na 2018 watu wakaanza kusaini kulalamika. Nilicheka kidogo kwa uchungu, nikasema basi mi nilikuwa natembea na jina la kampuni.

Mwalimu Chaki nakuomba kitu kimoja tu. Ukimpatia huyo binti muvi ya kwao, usimsimamishe. Usimuulize "ni kweli hivi ndivyo mnavyofanya?" Hata kama unamuuliza kwa upendo. Mtoto mmoja hawezi kuwa ubalozi. Mengine atasema ukweli, mengine atasema uongo ili muda uishe.

---

Mzee_wa_Reli

@hamna_shida dada hiyo ya kadi ya birthday imenikaa. Asante kwa kuandika.

Imenipa wazo pia. Mwalimu Chaki, kwa nini usianze na hiyo hiyo Lion King? Watoto wako wanaongea Kiswahili. Hii ndo muvi kubwa ambapo wao ndio wanaotazamwa, sio wanaotazama. Waandike kila kosa, kila jina, kila mahali ambapo dunia nzima inacheka wao hawacheki na wao wanacheka dunia imenyamaza. Afu waulize, mtoto wa nchi nyingine aliyeiona hii tu, ataandika nini kwenye mistari mitano kuhusu sisi? Baada ya hapo wape zile karatasi zao za Meksiko wazisome upya.

Chimamanda Adichie, yule mwandishi wa Nigeria, aliliongea hili 2009 kwenye ile hotuba yake ya hatari ya hadithi moja, iko mtandaoni, dakika kama 19, ila mi nadhani watoto wakilipata kwa fisi anayeitwa Shenzi halitawatoka.

---

mama_kipindi_cha_pili

Hilo la Mzee ni bora kuliko langu la ramani, na nimeliiba tayari.

Nyongeza moja kuhusu kuchagua. Usitafute muvi moja nzuri, haipo. Tafuta mbili za watu walewale. Mi naweka Moana ya 2016 na Whale Rider ya 2002. Zote bahari, zote binti, zote babu au baba anayesema hapana. Moja imetengenezwa na studio kubwa, na haki yao wasinyimwe, waliweka kundi la washauri kutoka visiwa vya Pasifiki, hata ikaja kuwekewa sauti za Kimaori, lugha ya wenyeji wa asili wa New Zealand, 2017. Lakini studio hiyohiyo ilikuwa imetoa nguo za watoto za kuvaa kama Maui, yule shujaa wa kwenye Moana, suti ya mwili mzima ya ngozi ya kahawia yenye tatuu, mtoto anavaa ngozi ya mtu mwingine, wakapigiwa kelele wakaiondoa madukani. Ya pili imetokana na riwaya ya Mmaori mwenyewe, imepigwa Whangara, kijiji ambacho hadithi ya nyangumi ni ya kwao. Sio kwamba ya pili ni takatifu, dairekta wake si Mmaori na watu wamebishana sana juu ya hilo. Ila ukiziweka bega kwa bega mtoto anaacha kusema "watu wa visiwani wote". Anaanza kusema "kwenye hii". Hayo maneno mawili ndo natafutaga mwaka mzima.

---

MwalimuChaki

Wakuu nimerudi, samahani nimepotea wiki mbili na nusu, mitihani.

Nimeanza na Lion King kama Mzee alivyosema, vipande viwili tu, jumla dakika 11, nilipima na saa. Darasa lilikuwa kama soko. Wamechukua Shenzi wakamjadili nusu kipindi, kuna aliyesema ni tusi kubwa, kuna aliyesema hapana waliomwita hivyo hawakujua, mwingine akasema "walijua, ndo maana wamempa fisi na sio simba." Hapo nilikaa. Kisha nikawaambia sasa wewe ni mtoto wa Meksiko, umeona hii tu, andika mistari mitano kuhusu watu wanaoongea Kiswahili. Wameandika: "Watu wanaoongea Kiswahili wote wanaishi na nguruwe." "Hawana shida yoyote maisha yao yote." "Wanakula wadudu." Walicheka mpaka mmoja akaanguka na dawati. Nikangoja wamalize, nikawarudishia zile karatasi za mwanzo bila kusema kitu.

Kile kimya kilikuwa kizito kuliko cha siku ya Coco. Yule wa mafundi viatu akanyoosha mkono akaniuliza kama anaweza kupata karatasi mpya. Nikamwambia hapana, chukua kalamu nyekundu ujisahihishe mwenyewe hapohapo, nataka nione ulipotoka. Na kweli "wote" zimekatwa nyingi. Sio zote. Kuna mmoja kakata "wote" akaandika "karibu wote", tutafika tu.

Upelelezi wa wanyama wa rangi nao wamefanya, wamenipata mimi kwenye habari za Spectre, wakaniuliza kama mila iliyoanza 2016 ni mila au sio mila, sikuwa na jibu, nimewaachia.

Sasa la yule binti. @hamna_shida nimekusikia, sikumsimamisha. Nilimwambia pembeni kwamba nimetafuta nimeshindwa, na kwamba zote nilizozipata ni vita, na kwamba sidhani kama kwao ni vita tu. Akaniangalia muda mrefu. Hakusema kitu. Jumatatu akaniwekea flashi juu ya daftari la mahudhurio akaenda kukaa.

Ndani kuna kipande cha dakika sita, cha kichekesho cha kwao, ubora wa hovyo, kimerekodiwa kutoka kwenye TV. Wazee wawili wanagombania kiti kwenye harusi. Dakika zote sita ni kiti. Hakuna bunduki hata moja. Maandishi ya chini kajitafsiria mwenyewe, kayaandika kwa mkono kwenye karatasi mbili, kila mstari na sekunde zake.

Niliionesha jana mi nasoma ile karatasi kwa sauti, sikusema imetoka kwa nani. Na kuna mahali, dakika ya nne hivi, yule mzee mwembamba anasema kitu kifupi, kwenye karatasi kaandika "hapa haitafsiriki". Nikasoma hivyohivyo, "hapa haitafsiriki". Darasa zima kimya, na huko nyuma dirishani mtu mmoja kaangua kicheko hana hata habari na sisi. Wenzake wakageuka. Sikuwahi kumsikia akicheka toka ahamie.

---

steringi_hafi

Mwalimu tupandishie hicho kipande cha kiti, tafadhali.

---

MwalimuChaki

Sio changu mkuu. Nitamuuliza mwenyewe.

---

Kalamu_Kavu

Na uiskani hiyo flashi kabla hujaichomeka kwenye kompyuta ya shule.

---

MwalimuChaki

Umechelewa. Fundi anakuja Alhamisi.